Kiti cha Utingo

Kwenye ua wetu wa Malvern, nyuma ya Mtaa wa Jules, kuna gunia la mchanga ambalo limekaliwa na madereva wa malori wa nusu ya Afrika. Gunia ni la Denise. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na banda langu linatazamana na lake, kwa hiyo nimeona makalio mengi kuliko anavyostahili kuona mtu mwenye heshima zake. Dereva anakuja akilalamikia mgongo. Denise anamkalisha kwenye gunia, anamwambia anyooshe mikono kama ameshika usukani, halafu anamwinua na kuisoma kwa kiganja alama aliyoiacha. Hapimi kwa futi. Anapapasa shimo la kulia, anapapasa la kushoto, anaguna kidogo, kisha anakwenda kukata sponji. Dereva akirudi anakuta kiti ambacho hakitamfaa mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo anapoacha kulalamika.

Ufundi huo aliuanzia kwa mumewe. Octave alikuwa dereva wa njia ya Johannesburg hadi Lubumbashi, ambako ndiko kwao. Ujanani alikuwa utingo, yule mtu anayekaa kando ya dereva, anayefunga maturubai na kuweka mawe chini ya matairi lori likigoma mlimani. Siku moja akaanguka kutoka juu ya mzigo akavunjika nyonga, na nyonga ikaunga vibaya. Akikaa alikuwa anaegemea upande mmoja kama meza iliyopungukiwa mguu. Denise, ambaye wakati huo alikuwa akishona mapazia tu, alimshonea kiti kilichoinuliwa kushoto kwa vidole viwili, na Octave akakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu utoto wake uishe. Wenzake wakaona wakataka vyao. Alimshonea Octave viti vitatu, kwa malori matatu, na ni kwenye hicho cha tatu alikofia.

Tairi lilipasuka akiwa hajafika mpaka wa Zimbabwe. Mwenye lori, tusimnyime haki yake, aligharamia mwili kupelekwa Lubumbashi. Denise hakwenda. Yeye alikimbia vita Uvira, karatasi zake ni za ukimbizi, na angevuka mpaka kwenda Kongo asingerudi tena kwa binti yao, Glody, aliyekuwa darasani hapa mjini. Basi mazishi ya mumewe aliyatazama kwenye simu, ndani ya banda langu, kwa sababu kwangu mtandao unashika vizuri zaidi. Kule makaburini kuna mtu alikuwa ameinua simu juu ya umati ili mjane aone na aonekane. Picha ilikuwa inaganda. Mara uso wa mchungaji, mara anga, mara kiatu cha mtu. Denise akaisogeza simu karibu na mdomo akasema, "Munanisikia? Sioni kitu. Geuzeni simu."

Hayo ndiyo maneno pekee ya mjane ambayo ukoo mzima wa Octave uliyasikia siku ya mazishi. Hakulia. Mtandao ulipokatika kabisa alinirudishia chaja, akashukuru, akaenda kumalizia kiti cha mteja. Mimi niliyekuwa simjui Octave zaidi ya salamu na utani wa mpira ndiye niliyefunga mlango wa banda nikafuta macho kwa kitambaa chenye grisi.

Miezi ikaenda hivyo. Alikuwa anakula ukimwambia ale. Ukimtania anacheka pale panapotakiwa kuchekwa, lakini kicheko kinafika kwa kuchelewa, kama simu ya masafa. Nilipomuuliza, alinijibu akiwa anatia uzi kwenye sindano. "Iko sawa na mguu yenye imelala, Papa Othmani. Najua ni mguu wangu. Napiga, sisikii." Kwetu Tanga tunasema mguu umekufa ganzi, na unajua kwamba damu ikirudi utatamani ungebaki umekufa. Sikumwambia hilo. Nilimwambia atapona, neno ambalo watu husema wakiwa hawana neno.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Lubumbashi wakapiga simu. Wakati wa kutosha kilio umefika, walisema, yaani kuondoa matanga, mjane avue nyeusi. Kwa kuwa mjane hawezi kwenda kwao, watamtuma mtu wa kumwondolea, naye ni Yaya Marthe. Mimi nilipomsikia Denise akitaja jina hilo nilifurahi, nikidhani ameajiri mtu wa kumsaidia kulea Glody, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Kumbe kwao yaya ni ndugu mkubwa. Marthe ni dada mkubwa wa Octave, na kwa upande wa kulea sikukosea sana, kwa sababu alikuja kumchukua mtoto.

Hakuficha. Marthe si mtu wa kuficha. Ni mfanyabiashara, mwanamke mpana mwenye sauti ya sokoni, pasipoti yake imejaa mihuri ya kuja kununua mitumba na viatu vya jumla. Siku aliyofika alikaa kwenye banda la Denise, akakataa soda, akaeleza kilichomleta huku mimi nikijifanya nahangaika na betri. Ukoo umekaa. Ukoo unasema mjane asiye na machozi ana neno moyoni: ama hakumpenda marehemu, ama anajua kitu kuhusu kifo chake. Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya Wakongo wote wa Malvern na mbele ya simu, nguo nyeusi itatolewa. Mjane akilia kama wajane wanavyolia, maneno yameisha, mtoto atabaki. Asipolia, mtoto wa Octave atakwenda kulelewa na watu wanaomlilia baba yake. Tiketi za basi la kurudi zilikuwa tayari kwenye mkoba wa Marthe. Viti viwili.

Nilitegemea Denise apige meza. Angalau aseme mtoto haendi, kwamba hata Kiswahili chenyewe Glody anakisikia tu, ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza na akikasirika kwa Kizulu. Hakusema. Alijibu kwamba amesikia, akamuuliza wifi yake kama atakula ugali au wali. Eish, nilikasirika mpaka nikaikoroga waya mbaya nikarushwa na umeme. Marthe alipotoka kwenda kuoga nilimwendea Denise nikamwambia wazi kwamba machozi si dhahabu ya kuchimbwa Jo'burg. Kitunguu kipo, pilipili ipo. Ajipake kidogo kwenye leso, alie, Jumatatu yaya apande basi peke yake.

Denise alikata uzi. "Batu naweza kuwaongopea," akasema. "Octave nitamuongopea namna gani?"

Nikarudi kwenye waya zangu. Mtu wa namna hiyo humsaidii, unamsubiri.

Sasa wiki hiyohiyo ndipo lilipoingia gari la Vermaak. Huyu Vermaak ni mzee wa Kikaburu wa Kensington, hapo juu mlimani, mhandisi mstaafu mpole anayezungumza na magari kuliko anavyozungumza na watu. Ana gari moja la mashindano la tangu kabla ya vita vya Hitler, lililotengenezwa Uingereza, na analiita Hettie. Mimi nilikuwa nimekwishalifanyia kazi ya stata, kwa hiyo nalijua. Si gari, ni kichaa. Baada ya vita kuu ya kwanza injini za ndege zilibaki nyingi na hakuna wa kuzirusha, basi Wazungu wenye fedha na haraka zao wakawa wanazifunga kwenye magari. Hettie ana injini ya ndege ya mitungi kumi na miwili, boneti ndefu kama jeneza la twiga, mkia uliochongoka, na breki za nyuma tu. Kwa hesabu za Vermaak lilizunguka usiku na mchana bila kulala kwenye uwanja wa mviringo huko kwao, likavunja rekodi ya dunia, na bamba la shaba lenye jina la dereva bado lipo kwenye dashibodi.

Lakini viti ni viwili. Kulia anakaa dereva, kushoto anakaa mtu wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kupampu mafuta kwa mkono ili injini isife njaa, kutazama saa za presha, na kugeuka nyuma kuangalia kama matairi yameanza kuchanika. Jina lake halipo kwenye bamba. Vermaak ana picha moja ya siku ile ya rekodi, na mtu wa pili amekatwa na ukingo wa picha, limebaki bega na nusu ya kofia. Denise alipoonyeshwa picha aliuliza huyu ni nani. Vermaak akasema hajulikani. Nikamfafanulia Denise kwa Kiswahili: utingo.

Kiti cha dereva ngozi yake ilikuwa nzima. Cha utingo kililiwa na panya zamani, kikabaki chuma na springi zenye kutu. Vermaak alitaka kishonwe kama cha zamani, singa za farasi ndani na ngozi juu, bila sponji, na kiwe tayari Jumamosi, siku aliyopanga kuiwasha injini mbele ya ua wake. Denise akamwambia alete mtu wa kukaa kwenye gunia. Vermaak akacheka, akasema mwenye kiti amekufa huenda miaka sitini iliyopita, ashone tu cha mtu wa kawaida. Denise akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba hajawahi kumshonea mtu wa kawaida, hajui anakaaje. Lakini kazi akaichukua.

Na gunia lenyewe lingepatikana wapi? Wiki nzima Marthe alikuwa ameligeuza kiti chake cha enzi. Alishinda hapo juu ya mchanga, mkoba mapajani, akimtazama wifi yake akishona, akisubiri kuona jicho likilowa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nani angempa jembe huyu? Denise alikuwa akivuta singa kwa vidole, anazitandaza, anashindilia, anapitisha sindano ya upinde, anashindilia tena. Hakupima chochote. Alikuwa anatazama ukutani, mikono ikijiendea yenyewe. Mara nyingine Marthe alimsimulia Octave utotoni, kwa makusudi, hadithi za kuchoma moyo, na Denise alikuwa akiitikia, "Ndiyo, yaya," bila kusimamisha sindano. Nilianza kumwonea huruma hata Marthe. Alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Jumamosi asubuhi tulipandisha kiti Kensington kwa bakkie yangu, yaani pikapu. Marthe naye alipanda. Alisema anataka kuona mjane wa mdogo wake anafanya kazi gani kwa Wazungu. Vermaak alikuwa amevaa koti la kazi lililopigwa pasi. Tuliingiza kiti mahali pake, Denise akafunga bolti mwenyewe, kikaonekana kizuri kweli, ngozi ya kahawia yenye mishono iliyonyooka. Mimi nikaenda kuunganisha betri. Vermaak, kwa furaha ya kitoto, akapanda na kukaa upande wa utingo, akashika mkono wa pampu.

Akajisogeza. Akajisogeza tena. Alikuwa na aibu ya kusema, lakini hatimaye alisema kwamba kiti ni kizuri mno, ila kimeinama. Anahisi kusukumwa kwenda kulia. Denise akasema haiwezekani. Vermaak hakubishana, aliteremka akaleta pima maji akailaza juu ya ngozi, na kiputo cha hewa kikakimbia kushoto kikagota pale.

Denise aliitazama pima maji. Kisha akaweka kiganja kwenye kiti, kama anavyofanya kwenye gunia, akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Kushoto palikuwa juu. Mkono wake ukabaki palepale. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye betri upande wa pili na niliuona uso wake vizuri, na nasema kwamba haukubadilika. Ila alisahau kupumua, nikaona mabega yamesimama.

"Nimekosea," akamwambia Vermaak. "Nitafungua. Nitaanza tena." Akatoa kwenye aproni kile kisu kidogo cha kukatia mishono.

"Ngoja," akasema Marthe.

Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, mkoba kwapani. Akaukabidhi mkoba kwa Vermaak kama anayemkabidhi mtumishi, akapandisha kitenge, akaweka mguu kwenye chuma cha pembeni, akapanda. Hakukaa mara moja. Kwanza alipapasa kushoto kwa kiganja, polepole, akapima kile kimo kwa vidole vyake mwenyewe. Viwili. Halafu akageuka akakaa. Mwili wake mpana uliegemea kulia, akajishika, akatulia. Marthe ndiye aliyembeba Octave mgongoni miezi ile ya nyonga, nilikuja kuambiwa baadaye. Alijua ule upande unaokaa juu kuliko mtu yeyote aliye hai, ukimtoa Denise.

"Njo ye," akasema. Ndiye yeye.

Denise aliinamia mishono. Kisu kilikuwa bado mkononi.

"Ulipima na nini?"

"Sikupima, yaya. Sikujua kama nafanya."

Basi Marthe akalia. Huyu ambaye kwenye mazishi, wanasema, sauti yake ilisikika hadi barabara ya lami, safari hii alilia bila sauti, mdomo wazi, mikono yote miwili imeshika kingo za kiti. Denise alisimama kando ya gurudumu akamshika goti. Alimpigapiga goti kama unavyombembeleza mtoto wa mtu mwingine. Macho yake yalikuwa makavu. Nilimwangalia kwa bidii, kwa sababu nilikuwa bado nafikiria Jumapili na kile kiti cha basi, nikiomba kimoyomoyo hata tone moja. Halikutoka. Mungu anisamehe, nilimkasirikia tena.

Vermaak alikuwa amesimama na mkoba wa Marthe, haelewi kitu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama yule anaogopa magari. Nikamwambia ndiyo, anaogopa kidogo. Mambo mengine ukianza kuyaeleza kwa Kiingereza yanaharibika.

Marthe aliteremka, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akachukua mkoba wake, akatoa simu. Akatembea hadi getini akiwa ameshabonyeza namba. Nikajua anapiga Lubumbashi, kwa mzee Théodore, baba yao mdogo, ambaye ndiye ukoo unamsikiliza. Na wakati huohuo Vermaak, akiona kila mtu ametulia, akanipa ishara ya dole gumba. Saa ya kuiwasha imefika. Nikabana swichi ya betri kabla sijafikiri.

Sijui niwaelezeje ile injini. Ilikohoa mara moja, ikatema moshi mweupe, ikakohoa tena, halafu mitungi yote kumi na miwili ikashika. Sauti ilikuwa haiingii masikioni, inaingia tumboni. Vioo vya gereji vilitetema. Hadeda waliokuwa kwenye nyasi za jirani waliruka wote, vinywa wazi, na hatukuwasikia, na hao ni ndege wanaoamsha mtaa mzima kila asubuhi. Denise alikuwa ameweka mkono kwenye kiti cha utingo, na nilikiona kiti kinatetemeka, na mkono wake unatetemeka nacho.

Getini Marthe alikuwa amekunja mgongo juu ya simu, kidole kimeziba sikio la pili. Midomo yake ilikuwa inafunguka kwa nguvu. Alikuwa anapiga kelele na hatukusikia neno. Vermaak alimwona, akafanya uungwana, akakata moto. Injini ikafa ghafla, lakini Marthe alikuwa hajajua kwamba imekufa, akaendelea kwa sauti ileile ya kuishinda injini, na sasa Kensington yote ilimsikia.

"Munanisikia? Munanisikia? Nasema amelia! Denise amelia, Papa Théodore, nimeona na macho yangu!"

Akatugeukia, akakuta tunamtazama. Hakuona haya. Simu ikiwa bado sikioni alimkazia macho Denise, kama anayemwambia athubutu kukanusha, na Denise hakukanusha. Kwenye simu nilisikia sauti ya mzee ikisema kitu kirefu, na Marthe akaitikia mara mbili tatu kwamba mtoto anabaki, mtoto yuko na mama yake, basi.

Jumapili nguo nyeusi ilitolewa, akavishwa nyeupe, wakaimba, tukala. Hakuna aliyedai machozi, maana habari ilikuwa imeshatangulia kwamba yamekwishatoka. Nilimtania Marthe kwamba kwa mtu wa dini anasema uongo vizuri. Aliniuliza nimewahi kukaa kwenye kile kiti. Nikasema hapana. "Basi," akasema, akaendelea kula. Na kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Vermaak alikuwa radhi kiti kibaki vile, kwa kuwa hakuna atakayekaa pale tena. Denise alikataa. Kazi ni kazi. Jumatatu asubuhi alikifungua, akapunguza singa za kushoto, akakishona upya kwa mtu wa kawaida, na pima maji ikatulia katikati. Nilikuwa naye nikitoa betri zangu. Alipomaliza alisema mkono wake wa kulia una joto la ajabu tangu Jumamosi. Nikamwambia ni ile injini. Akasema labda.

Mchana nilimpeleka Marthe Park Station. Glody alikuja kumuaga shangazi yake, akamwambia "bye" kupitia dirishani, Denise akamfinya bega, ndipo akasema, kwa shida, "Safari njema, shangazi." Basi lilijaa. Nilipanda kumsaidia mizigo ya viatu, nikampangia juu, na yeye akakaa dirishani, mkoba wake akauweka mapajani badala ya kuuweka kwenye kile kiti cha pili. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama na tiketi isiyo na namba akakiona, akauliza kwa adabu kama pale pana nafasi.

Marthe alikipapasa kile kiti kwa kiganja, upande wa kushoto.

"Kina mwenyewe," akamwambia.